Kanda Iliyokataa Kupambwa: Kisa cha Nebraska ya Bruce Springsteen

Januari 3, 1982, katika chumba cha kulala cha nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani mwenye miaka 32, aliketi na gitaa kavu na harmonika, akabonyeza kitufe cha kurekodia. Hakuwa anatengeneza albamu. Alitaka kanda ya majaribio tu, ya kuisikilizisha bendi yake ili ikazijifunze nyimbo mpya kabla ya kuingia studio. Kabla mwaka haujaisha, kanda ileile, na mivumo yake yote, ilikuwa inauzwa madukani kwa jina la Nebraska.

Mashabiki wa roki hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya ushujaa: msanii yuko kileleni, anaupa umaarufu kisogo, anajifungia chumbani, anatoka na kazi ya kudumu. Siipingi, ila inaruka sehemu ngumu. Kurekodi Nebraska kulikuwa kwepesi, na sehemu kubwa ilimalizika kwa muda mfupi mno. Kilichowatesa watu kwa miezi ni kuiacha kanda hiyo jinsi ilivyo.

Tuanzie na hali yake wakati huo. The River, albamu ya santuri mbili aliyoitoa 1980, ndiyo iliyomfikisha namba moja kwenye chati za Marekani kwa mara ya kwanza. Ziara yake iliisha Septemba 1981, na Springsteen akarudi New Jersey kwenye nyumba isiyo yake, bila mke wala mtoto, akiwa na fedha ambazo baba yake, Douglas, hakuwahi kuziota. Usiku aliendesha gari hadi Freehold, mji aliokulia, akipita taratibu mbele ya nyumba walizowahi kuishi. Miaka mingi baadaye aliandika waziwazi kuhusu msongo mzito wa mawazo uliomkaba kipindi kile. Wakati ule hakuwa na jina la kuupa. Alikuwa na nyimbo.

Alikuwa pia na tatizo la kawaida kabisa la kikazi. Alikuwa mtu wa kukaa studio muda mrefu kupita kiasi. The River ilikula zaidi ya mwaka, na saa za studio hulipiwa hata kama bendi imekaa inamsubiri mwenye wimbo atafute mstari wa pili. Akaamua safari hii aandike kwanza, ajisikilize nyumbani, kisha aende studio na kitu kilichoiva. Akamtuma fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, amtafutie mashine ndogo ya kurekodia.

Mashine aliyorudi nayo ilikuwa Teac Portastudio, aina ya 144. Ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1979 na ilitumia kaseti ya kawaida, ile ile ya kuwekwa kwenye redio ya gari, ila iliigawa katika treki nne, yaani njia nne za sauti zinazoweza kurekodiwa moja moja, na kuiendesha kwa kasi mara mbili ya kawaida ili sauti itoke safi zaidi. Kabla yake, mtu aliyetaka treki nne nyumbani alihitaji mashine kubwa ya mikanda ya mzunguko. Batlan alifunga maikrofoni mbili za Shure SM57, ambazo kila mpiga muziki wa jukwaani amewahi kuzishika. Wala hakukuwa na vifaa vya kuzuia mwangwi wa chumba.

Treki nne si nyingi. Mbili zilikwisha palepale, moja kwa sauti na nyingine kwa gitaa, zikirekodiwa kwa pamoja. Zilibaki mbili tu za kuongeza sauti ya pili, harmonika, mandolini, tari au glokenspili. Kwa hiyo kila wimbo una mwimbaji anayepiga na kuimba kwa mkupuo mmoja, na juu yake pambo moja au mawili. Watu husifu uchache wa Nebraska kama uamuzi wa kisanii, na baadaye ulikuja kuwa hivyo. Siku ile ulikuwa hesabu ya treki.

Kisha ikaja hatua ya kuchanganya. Treki nne zilitakiwa kuunganishwa na kuhamishiwa kwenye kanda ya kawaida. Springsteen alizipitisha kwenye Echoplex, mashine ya zamani ya kutengeneza mwangwi, kisha akazirekodi kwenye redio-kaseti ya Panasonic. Redio hiyo ilikuwa na historia: iliwahi kuloa maji, ikafa, halafu siku moja ikafufuka yenyewe. Mwangwi mnaousikia kwenye Nebraska, ule unaomfanya mwimbaji asikike kama yuko upande wa pili wa bonde, umetoka hapo. Hakuna mhandisi wa sauti aliyeupanga.

Kanda ikatumwa kwa Jon Landau, meneja na prodyuza wake, ikiwa na nyimbo 15 na maelezo ya mkono kuhusu kila mmoja. Landau aliisikiliza, na kabla ya kuufikiria muziki akaanza kumhofia rafiki yake. Ukizisikiliza nyimbo zenyewe huwezi kumlaumu.

Wimbo unaobeba jina la albamu unaimbwa na Charles Starkweather, kijana ambaye Januari 1958 aliua watu kumi huko Nebraska na Wyoming, baada ya kumuua mmoja mwishoni mwa 1957, akapelekwa kwenye kiti cha umeme mwaka 1959. Springsteen alikuwa ameitazama Badlands, filamu ya Terrence Malick ya 1973 iliyotokana na mauaji hayo, kisha akampigia simu Ninette Beaver, mwandishi wa habari wa Omaha aliyekuwa ameandika kitabu kuhusu kesi ile. Alifanya utafiti, na unasikika. Wimbo hauna hasira. Muuaji anasimulia kwa upole, kana kwamba anatoa maelezo kituoni, na mwisho akiulizwa kwa nini, hana jibu zaidi ya kwamba dunia ina ubaya ndani yake.

Hapa nina shaka moja ambayo wapenzi wa albamu hii hawapendi kuigusa. Caril Ann Fugate, aliyekuwa na Starkweather, alikuwa na umri wa miaka 14, na maisha yake yote amesisitiza kwamba alikuwa mateka. Wimbo unamchukua kama mwenzake muuaji, kwa sababu aliyepewa nafasi ya kusema ni muuaji. Kisanaa naelewa. Lakini Caril alikuwa hai, ametoka gerezani tangu 1976, na hakuna aliyemuuliza.

Nyimbo nyingine hazihitaji gazeti la 1958, kwa kuwa magazeti ya mwaka uleule yalitosha. Kiwanda cha magari cha Ford huko Mahwah, New Jersey, kilifungwa 1980. Katika Johnny 99, kijana aliyepoteza kazi hapo analewa, anampiga risasi mhudumu wa usiku, na hakimu anamfunga miaka 98 na mmoja juu yake. Katika Atlantic City, mji ambao kasino yake ya kwanza halali ilifunguliwa 1978, mtu mwenye madeni yasiyolipika kwa njia ya haki anakubali kumfanyia mtu fulani kazi ndogo. Mstari wa kwanza unagusa mlipuko wa bomu uliomuua kiongozi wa genge Philip Testa huko Philadelphia, Machi 1981. Kufikia mwisho wa 1982 ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa umefika asilimia 10.8, na wakosoaji wengi waliisoma albamu kama hukumu dhidi ya serikali ya Rais Reagan.

Usomaji huo una haki yake, ila unakomea mlangoni. Sikiliza Used Cars, ambamo mtoto anaona aibu baba yake anaponunua gari kuukuu, au Mansion on the Hill, watoto wakiitazama nyumba ya tajiri wakiwa wamejificha kwenye shamba la mahindi. Hakuna anayefukuzwa kazi, na hakuna anayekufa. Bado baridi ni ileile ya wimbo wa Starkweather. Kinachowaunganisha watu wa albamu hii ni kwamba kamba iliyowafunga kwa wenzao imekatika: kwa jirani, kwa ndugu, kwa baba. Umaskini unakata kamba hiyo kwa haraka zaidi, basi. Na wote wanazungumza na mtu aliye juu yao, hakimu au askari au bwana asiyetajwa jina, wakimpa heshima zote, kama watu waliozoea kuhojiwa.

Highway Patrolman ndio wimbo ninaouweka juu ya yote. Joe ni askari wa barabarani, ndugu yake Frank ni mkorofi. Usiku mmoja Frank anamjeruhi mtu vibaya, Joe anamfukuza kwa gari hadi karibu na mpaka wa Canada, kisha anasimamisha gari pembeni na kutazama taa za nyuma zikipotea. Damu nzito kuliko maji, tunasema. Lakini wimbo hausherehekei methali hiyo. Kiitikio kinasema mtu anayemtupa nduguye si mwema, na kadiri kinavyorudiwa ndivyo kinavyosikika kama mtu anayejishawishi. Mwigizaji Sean Penn aliugeuza kuwa filamu, The Indian Runner, mwaka 1991.

Sasa turudi kwenye sehemu ngumu.

Masika ya 1982 Springsteen aliingia studio za Power Station, New York, pamoja na bendi yake, E Street Band. Mpango ulikuwa uleule wa mwanzo: bendi ijifunze nyimbo za kanda na kuzirekodi inavyopaswa. Wapigaji hawa hawakuwa wanagenzi. Walizipiga, na mpiga ngoma Max Weinberg amewahi kusema hadharani kwamba zilitoka moto. Tatizo ni kwamba kila walipozipiga vizuri, watu wa ndani ya nyimbo walizidi kupungua. Ukimwekea ngoma kubwa mtu asiye na wa kusimama naye, umeshampa wenzake. Bendi yenyewe, kwa kuwapo tu, inaukanusha upweke anaousimulia. Springsteen alijaribu pia kuziimba upya peke yake kwenye maikrofoni nzuri, na hapo napo kitu kilitoroka.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa cha kufundishia, kwa sababu kanda hiyohiyo ilikuwa na wimbo uitwao Born in the U.S.A. Toleo lake la chumbani lipo, lilitolewa 1998 kwenye mkusanyiko wa Tracks, na kwa maoni yangu ni zuri lakini halijakamilika, kama mtu anayenung'unika peke yake. Ulipoingia studio na bendi ukalipuka. Katika vikao hivyohivyo vilivyoshindwa kuivalisha Nebraska, walirekodi sehemu kubwa ya albamu ambayo ingekuja kuuzwa kwa mamilioni mwaka 1984. Kwa hiyo Springsteen hakuwa ameamua kwamba kaseti ni kitu kitakatifu na studio ni uchafu. Aliusikiliza kila wimbo na kuuliza unataka nini. Mwingine ulitaka bendi nzima. Mwingine ulitaka kuachwa.

Muda wote huo kaseti yenyewe ilikuwa mfukoni mwa suruali yake ya jinzi, bila hata kasha, ikizunguka naye kwa wiki kadhaa. Nakala mama ya albamu, jamani! Mtu anayehifadhi picha za harusi kwenye simu moja tu atanielewa. Steven Van Zandt, mpiga gitaa na rafiki yake wa ujanani, alikuwa miongoni mwa waliomwambia aitoe hivyohivyo.

Uamuzi ulipofikiwa, wengi walidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kutoa albamu mwaka 1982 kulimaanisha kuichonga kwenye santuri, na santuri ina masharti: sauti ya chini mno humezwa na mkwaruzo wa plastiki, na sauti yenye kasoro fulani huirusha sindano nje ya mfereji. Kanda iliyochanganywa kwenye redio iliyowahi kuzama ilikuwa na kasoro za kutosha. Prodyuza Chuck Plotkin na mhandisi Toby Scott walihangaika nayo, ikapelekwa kwa wachongaji mbalimbali, ikagoma. Ilifika mahali wakafikiria kuitoa kwa kaseti peke yake. Mwisho ni Dennis King wa studio za Atlantic, New York, aliyepata njia ya kuichonga kwa kiwango cha chini cha sauti. Ndiyo maana ukiiweka Nebraska baada ya albamu nyingine yoyote ya enzi ile, lazima uongeze sauti.

Nalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu linapindua simulizi ya mtu mmoja na mashine yake ya bei nafuu. Sauti inayosikika kama haikugharimu kitu ilihitaji studio kubwa ithibitishe kwamba haina la kuongeza, wahandisi wenye majina waifanye iishi kwenye plastiki, na kampuni ya rekodi ya Columbia ikubali. Kijana asiyejulikana aliyerekodi nyimbo hizohizo kwenye mashine hiyohiyo mwaka ule angeambiwa akatafute studio. Uhuru wa kuacha kazi bila kuipamba ulinunuliwa na mauzo ya The River. Hilo haliipunguzii thamani Nebraska, lakini wanaoitaja kama ushahidi kwamba vifaa si kitu wanasahau nusu ya hesabu.

Albamu ilitoka Septemba 30, 1982, ikiwa na nyimbo kumi. Picha ya jalada, iliyopigwa na David Michael Kennedy, inaonyesha barabara tupu na mbingu nzito kupitia kioo cha mbele cha gari. Mwenye albamu hayumo. Hayumo pia kwenye video ya Atlantic City, iliyotengenezwa kwa ajili ya MTV, kituo cha televisheni cha muziki: mitaa, bahari, majengo yanayobomolewa, picha za rangi nyeusi na nyeupe. Marekani hakukuwa na singo, yaani wimbo mmoja unaouzwa peke yake, na hakukuwa na ziara. Kwa kipimo cha biashara ya muziki, ilikuwa kama kufungua duka na kuzima taa.

Hata hivyo ilifika namba 3 kwenye chati za albamu za Billboard, na namba 3 vilevile Uingereza. Kila nikisoma mahali kwamba Nebraska ilikuwa kujiua kibiashara hurudi kwenye takwimu hizo. Ni kweli haikuuza kama ya kabla yake wala ya baada yake. Lakini waliomfuata Springsteen kwenye viwanja walikuwa wanamwamini kiasi cha kwenda kununua kitu wasichokijua, na wakosoaji waliipokea kwa heshima kubwa. Mwaka 1983 Johnny Cash, mwimbaji wa country aliyejulikana kwa kuwaimbia wafungwa magerezani, alirekodi nyimbo mbili za humo, Highway Patrolman na Johnny 99, na albamu yake akaipa jina la huo wa pili. Kwa albamu inayozungumza na wafungwa na askari kwa lugha yao, sijui cheti gani kingekuwa kikubwa kuliko hicho.

Kulikuwa pia na mapokezi ya aina nyingine. Wimbo wa mwisho, Reason to Believe, umechukuliwa na wengi kama mwanga baada ya giza, kwa sababu kiitikio kinasema watu hupata sababu ya kuamini mwisho wa kila siku ngumu. Soma beti. Mwanamume anamchokoa kwa fimbo mbwa aliyekufa akingoja ainuke. Mwanamke anamsubiri mpenzi aliyeondoka. Bwana harusi amesimama mtoni, bibi harusi hajatokea. Mwimbaji haoni faraja, anashangaa tu, na kuna mahali nadhani anakaribia kucheka. Kuuita wimbo wa matumaini ni kusikiliza kiitikio peke yake.

Kosa hilohilo, kwa ukubwa wa nchi nzima, lilitokea 1984. Born in the U.S.A., ule wimbo uliovalishwa bendi, ulikuwa unasikika kila mahali, na watu waliimba kiitikio wakaacha beti za askari aliyerudi Vietnam akakosa kazi. Septemba 19 Rais Reagan, akiwa kwenye kampeni huko Hammonton, New Jersey, alizitaja nyimbo za Springsteen kama ujumbe wa matumaini. Siku chache baadaye, jukwaani Pittsburgh, Springsteen aliwaambia watu kwamba amekuwa akijiuliza rais anaipenda albamu ipi kati ya zake, na hadhani kama ni Nebraska. Kisha akaimba Johnny 99.

Kwa zaidi ya miaka 40, uamuzi wa masika yale ulihukumiwa bila ushahidi wa upande wa pili. Rekodi za bendi zilikuwa uvumi. Mwenyewe aliwahi kusema hazipo, halafu kabati likafunguliwa, na Oktoba 2025 zikatolewa kama sehemu ya toleo kubwa la Nebraska, wakati mmoja na filamu ya Scott Cooper inayosimulia kipindi hicho.

Nimezisikiliza nikiwa tayari kubadili mawazo. Si mbaya hata kidogo. Atlantic City ya bendi ina nguvu ambayo redio yoyote ya 1982 ingeipokea kwa mikono miwili. Johnny 99 inakimbia, na mguu wako utaanza kugonga sakafu kabla hujaamua. Yule kijana wa Mahwah anasimama mbele ya hakimu, anasema alikuwa na madeni ambayo mtu mwaminifu hawezi kuyalipa, anaomba anyongwe, nami niko jikoni natingisha kichwa kwa mdundo. Nikairudia ile ya kaseti. Mguu ukatulia, nikaanza kusikia alichokuwa anaomba.